Mwaka Askofu Alipokula Ndizi Garini

Enzi zetu shamba halikulimwa na mtu mmoja. Asubuhi ile ya mwezi wa tatu, shambani kwetu juu ya Karatu, upande unaopakana na msitu, tulikuwa watu sita na ng'ombe wawili, na nitawataja wote kwa sababu hakuna niliyemsahau. Mchungaji Yona alishika mikono ya jembe, suruali ameikunja hadi magotini. Mwinjilisti Gwandu alitembea pembeni na fimbo ambayo hakuitumia, maana alipenda kuwasemesha ng'ombe kuliko kuwachapa. Mdogo wangu Emanuel, miaka kumi na mmoja, alitangulia mbele na kamba. Mama Bura, jirani yetu, alifuata nyuma akidondosha mahindi kwenye mtaro na kuyafukia kwa unyayo. Rehema, kitindamimba wetu, aliketi kwenye tuta akiulinda uji usiingie nzi. Wa sita nilikuwa mimi, Felista, mkubwa wao, miaka kumi na mitano, na kikapu cha maharage mkononi. Ng'ombe waliitwa Dereva na Konda.

Vijana wa sasa nikiwatajia majina hayo wanacheka. Wao wanapiga simu, trekta linakuja, na kabla chai haijapoa shamba limekwisha. Hata jina la aliyelilima hawalijui. Sisi tuliwajua ng'ombe wa kijiji kizima kwa tabia zao, kama mnavyowajua ninyi wachezaji wa mpira. Wenye jozi nzima ya maksai walikuwa wachache. Mwenye maksai mmoja alimtafuta mwenzake mwenye mmoja, wakawafundisha pamoja, wa huyu kulia ndani ya mtaro, wa yule kushoto kwenye ardhi isiyolimwa. Wakishazoea hivyo huwezi kuwabadilisha, wala kumfunga mmoja na ng'ombe mgeni ukategemea mstari ulionyooka. Dereva, wa kulia, alikuwa wa Mwinjilisti. Konda, wa kushoto, alikuwa wa Mchungaji. Na desturi ya kanisani kwetu ilikuwa kwamba jozi hiyo haigusi shamba la mwenyewe kabla ya kulima kwa wajane na kwa yatima.

Yatima tulikuwa sisi. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujageuka. Mimi nilikuwa darasa la sita, na nilirudisha madaftari ya shule siku moja na niliyorudisha sufuria za msibani. Sikulia sana. Nililolililia ni wimbo wa asubuhi tulipokuwa tunafagia uwanja wa shule, vumbi jekundu likituingia puani, halafu tunakimbilia mchezo wa rede mpaka kengele igongwe. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori. Hadi leo nikisikia chuma kinagongwa kwenye gereji mjini, miguu yangu inataka kukimbia.

Jioni, tukishakula kande na maziwa ya mgando, tulicheza kanisa. Emanuel alikuwa Mwinjilisti. Alivaa koti la marehemu baba, akashika gunzi la hindi, akaigiza ile sauti nene iliyoanza kwa Kiswahili cha Biblia na, mhubiri akipandwa na hasira juu ya walevi, ikahamia Kiiraqw, lugha ya kwetu, bila kuaga. Rehema alikuwa waumini wote. Mimi nilikuwa mama mchungaji, nimeketi kwa adabu, mikono mapajani. Hatukuwadhihaki. Tulitaka kuwa wao. Mwinjilisti Gwandu ndiye aliyewafundisha wazazi wetu Baba Yetu, na Mchungaji Yona, aliyehamia kwetu miaka mitatu nyuma, ndiye aliyekaa na mama usiku wake wa mwisho akimshikia kikombe. Kama ungeniuliza malaika wanafananaje, ningekuambia mmoja ni mrefu ana mwanya, mwingine ni mfupi anapiga chafya akila pilipili.

Kabla ya kufa, mama aliniambia neno moja nililolishika kuliko yote: "Felista, usimkatalie mtu mzima jambo. Hawa ndio watakaowashika."

Na kushikwa tulihitaji. Baba mdogo alikuwa amekwisha kutamka mbele ya wazee kwamba shamba likilimwa lote na kutoa chakula cha mwaka, tutaachwa pamoja nyumbani kwetu. Likilala, hata nusu, watoto watagawanywa, Emanuel akamwagilie vitunguu Mang'ola na Rehema akalelewe kwa shangazi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehesabu midomo ya kulisha. Kwa hiyo mwaka ule kila hatua ya Dereva na Konda niliihesabu.

Sasa, wiki mbili baadaye askofu alikuwa anakuja kuwabariki watoto wa kipaimara. Wasiojua mambo ya usharika wanadhani jambo kubwa siku hiyo ni ibada. Jambo kubwa ni chakula cha askofu kitaliwa nyumba gani. Miaka yote, tangu kanisa likiwa la udongo, askofu alikula kwa Mwinjilisti, maana hakukuwa na mchungaji anayekaa kijijini. Sasa, askofu akija mara ya kwanza tangu Yona ahamie, mchungaji yupo na ana nyumba yenye sebule. Kila upande uliona ni wazi kwamba ni kwake, na kwa kuwa ni wazi, hakuna aliyeuliza.

Jumanne mama mchungaji alinikuta kwenye bomba la maji. Mimi nilisifika kwa kupika pilau lisiloshikana, mama alinifundisha, na akaniambia, "Binti, siku ya askofu uje unisaidie jikoni." Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Alhamisi mke wa Mwinjilisti akaniita kibarazani kwake, mume wake ameketi hapo hapo akishona kiatu, akasema maneno yale yale. Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Ningesemaje? Waume zao ndio wenye ng'ombe. Na niseme ukweli wote, nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo, nyumba mbili kubwa zinanigombania. Nilijiambia siku ikifika nitapata la kusema.

Siku haikusubiri kufika. Tulikuwa tumelima nusu ya shamba, ukungu umeanza kunyanyuka msituni, udongo mpya unanukia ile harufu ambayo mwenye kiwanda cha manukato angeijua angetajirika. Tulisimama tunywe uji. Mchungaji alikuwa na furaha.

"Felista, Jumapili ya askofu usichelewe," alisema. "Pilau la mke wangu bila wewe ni huu uji."

Mama Bura alicheka. Mwinjilisti aliweka kikombe chini.

"Mchungaji, huyu binti atakuwa kwetu. Amekwisha kumkubalia mke wangu."

"Haiwezekani. Alimwahidi wangu tangu Jumanne."

"Alimwahidi wangu Alhamisi, na mimi nimeketi pale pale."

"Mzee wangu, tusidanganyane mbele ya watoto."

"Nani anadanganya?"

"Nimesema tusidanganyane."

"Umeniita mwongo." Mwinjilisti alisimama. "Nimewafundisha watu hawa Amri Kumi, wewe ukiwa bado unafutwa kamasi. Leo niseme uongo kwa ajili ya sufuria?"

"Sufuria umeitaja wewe. Na askofu hatakuja kula kwenye nyumba ya mtu anayedhani kanisa ni boma la baba yake."

"Wababa, jamani," Mama Bura alisema, "mvua ile kule inakuja, na ng'ombe wamesimama na nira shingoni."

Hakuna aliyemsikia. Mwinjilisti alikuwa amehamia Kiiraqw, na sasa hakuwa anahubiri juu ya walevi. Mchungaji alijibu kwa Kiiraqw hicho hicho. Walitupiana mambo ya tangu mwaka Mchungaji alipofika: ufunguo wa ofisi, ngoma ya kwaya, kiti cha mbele. Emanuel alishika kamba kwa mikono miwili akiwatazama kama anatazama nyumba inaungua. Halafu Mchungaji akasema, "Muulize mwenyewe basi," na wote wawili wakanigeukia.

"Felista, mwanangu," Mwinjilisti aliniambia kwa upole kabisa, "sema. Ulimwahidi nani?"

Nilitazama miguu yangu. Nikimtaja mmoja, mwingine anaondoka na ng'ombe wake. Nikisema wote wawili, mwongo ni mimi, na nani atamlimia yatima mwongo? Nilidhani nikinyamaza nitabaki na ng'ombe wote.

"Sijui," nilisema.

"Umeona?" Mwinjilisti alimwambia mwenzake. "Umemtisha mtoto hadi anaogopa kusema kweli."

"Wewe ndiye anayekuogopa."

Wakafungua nira. Mwinjilisti alimwongoza Dereva kuelekea bondeni, Mchungaji akampandisha Konda kuelekea kanisani, na jembe likabaki limesimama katikati ya mtaro. Konda aligeuka mara mbili kumtafuta mwenzake. Mvua ilitukuta tukiwa bado tumesimama pale, na Rehema akauliza kama anaweza kumalizia uji.

Hawakusemeshana msimu mzima. Walihubiri kwa zamu, kila mmoja akichagua somo la kumchoma mwenzake. Askofu alikuja. Habari ilikuwa imemfikia njiani, maana kwetu habari hupanda gari kabla ya abiria. Akabariki watoto, akawashukuru wote, akasema ana safari ndefu. Walioegemea uzio walimwona ndani ya gari akimenya ndizi mbivu, ya kwanza, kisha ya pili, dereva wake naye akimenya ya kwake, na gari likaondoka. Nyumba mbili zilibaki na pilau la watu hamsini kila moja. Watoto wa kijiji walikula hadi wakalala barabarani. Mimi sikwenda jikoni kokote. Niliwaambia wote kwamba Rehema ana homa.

Nusu ya shamba iliyobaki tuliipiga kwa jembe la mkono, mimi, Emanuel na Mama Bura akipata nafasi. Udongo wetu ukishashiba maji unashika jembe kama mtu anayekuvuta mkono. Tulipanda tumechelewa sana. Ukitaka kujua siku za kuchelewa, tazama mahindi. Nusu ya kwanza ilinipita kichwa, ya pili ilinifika kiunoni ikatoa nywele kabla haijapata punje. Baba mdogo alikuja, akazunguka shamba lote, akachukua koti la baba pale ukutani, akamvalisha Emanuel. Walipanda lori lililokuwa linakwenda Mang'ola kuchukua vitunguu. Emanuel hakulia. Aliniambia, "Dada, wale wazee wameniuza," na mimi nikamjibu, "Ndiyo."

Hapo ndipo nilipowachukia. Nilikwenda kanisani kwa sababu tu kutokwenda kungewanyima watu nafasi ya kuniona nimeumia. Jumapili ya tatu baada ya Emanuel kuondoka, Mwinjilisti alikuwa na zamu ya kuhubiri. Alifungua Biblia, akaifunga. Akashuka kutoka madhabahuni, akapita katikati ya mabenchi, akaja hadi upande wa akina mama, akasimama mbele yangu. Mtu aliyewafundisha wazazi wangu kusali.

"Felista," alisema, na kanisa zima likasikia, "tuliacha shamba lako kwa sababu ya chakula. Mdogo wako ameondoka kwa sababu ya kiburi changu. Sina cha kukurudishia. Naomba unisamehe."

Mchungaji Yona akainuka kwenye kiti chake, akaja akasimama kando yake. "Na mimi, binti yangu. Dhambi ni yetu sote wawili." Halafu akamshika Mwinjilisti mkono. "Na wewe, mzee wangu, uliyenidanganya siku ile, nimekusamehe."

"Na mimi nimekusamehe uliyenidanganya," Mwinjilisti akajibu.

Kanisa likacheka, likidhani wazee wanataniana, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote, na niliona hawataniani. Kila mmoja alikuwa anasamehe uongo ambao mwenzake hakuusema. Walikuwa wakweli wote wawili, Jumanne na Alhamisi, na aliyejua hilo alikuwa mimi peke yangu.

Nilisimama. Nilinyoosha shingo. "Nimewasamehe," nilisema, kwa sauti ya mtu anayedai. Akina mama wakapiga vigelegele, na wale wanaume wawili wakainamisha vichwa kunishukuru.

Emanuel alirudi baada ya miaka miwili, mabega mapana, hasemi. Wakati huo Dereva na Konda walikuwa wameungana tena na shamba letu lilikuwa likilimwa la kwanza kila mwaka, bila kukosa, hadi Rehema akaolewa. Mchungaji alihamishiwa upande wa Mbulu akafia huko. Leo Emanuel anaendesha watalii kushuka kreta kutazama wanyama, ana Kiingereza cha kuwachekesha Wazungu, na watoto wake wananiita bibi badala ya shangazi, kwa sababu ya pipi nilizozoea kuwapa. Mjini Karatu anajulikana kwa uaminifu. Ila kanisani haingii. Harusi yake aliifungia bomani, kwa mkuu wa wilaya. "Nawajua watumishi," husema. "Waliniuza kwa pilau." Neno la kuuzwa lilikuwa lake, ila aliyemwitikia "Ndiyo" ni mimi.

Na mimi nimekuwa mtu wa kanisa. Nimewahi kufundisha somo la unyenyekevu kwenye kikundi cha akina mama, nikawatolea mfano wa wazee wale wawili, jinsi watumishi wakubwa walivyoanguka kwa jambo dogo, na jinsi mmoja alivyoshuka madhabahuni kumwomba msamaha binti wa miaka kumi na mitano. Walilia. Mmoja aliniambia, "Mama Felista, wewe una moyo wa kusamehe." Usiku ule niliufunika ugali bila kuula.

Nazikumbuka siku zile kwa uchungu wa kuzitamani. Natamani uji ule wa tutani, harufu ile, sauti ya Mwinjilisti akimbembeleza Dereva kama mtoto wa shule. Lakini ninachokitamani zaidi ni watu wa namna ile. Siku hizi viongozi wetu wakikosana tunasikia kwenye makundi ya simu, kila upande una sauti zake zilizorekodiwa, na vijana wanasambaza wakiweka vikatuni vya kucheka. Kisha mmoja anahama na spika zake kwenda kufungua kanisa hatua mia mbili kutoka kwa mwenzake. Sijamwona hata mmoja akishuka.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilimwomba Emanuel anipeleke kwa Mwinjilisti Gwandu. Ni mzee sana sasa, anaishi na binti yake bondeni pale pale. Emanuel alisimamisha gari getini akazima injini. "Mimi nakusubiri hapa, dada." Niliingia peke yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani.

Mzee alinitambua kwa sauti. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauliza habari za Rehema, akauliza kwa nini Emanuel haingii.

"Mwanangu, ulinisamehe kweli siku ile? Au uliona aibu kukataa mbele za watu?"

"Nilikusamehe, baba."

"Mchungaji Yona alikuwa mtu mwema," alisema. "Mwema kuliko mimi. Ila siku ile alidanganya, na sijawahi kuelewa kwa nini. Namwaza mpaka leo. Mtu kama yule, aseme uongo kwa ajili ya chakula." Akatikisa kichwa. "Lakini nilimsamehe. Nikimwona kule, sitamtajia."

Yale maneno niliyoyapanga nilikuwa nayo yote. Binti yake akaleta chai. Nikainywa yote, nikasema asante, nikasema mvua inakuja na barabara inateleza.

Emanuel aliwasha gari. "Amesemaje?"

"Ameomba msamaha tena."

"Na aombe," Emanuel alisema, akageuza usukani.

Nimerudi kule mara mbili tangu siku ile, na mara zote mbili nimeongea habari za mahindi. Kwa Emanuel sijaanza hata hayo. Enzi zetu mtu mzima alishuka madhabahuni, akaenda kusimama mbele ya mtoto. Siku hizi mtu mzima ni mimi, na kutoka kwangu hadi kwa yule mzee ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.